Pesa imetoka, tiketi haijaingia: kujenga mfumo unaoendeshwa na matukio

Abiria yuko Mombasa na anataka basi la saa tatu usiku kwenda Nairobi. Amechagua kiti nambari 14, ameandika nambari ya simu, amebonyeza "Lipa". Simu inatetema, ombi la PIN ya M-Pesa linatokea, anaingiza PIN, na baada ya sekunde chache ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia. Kwenye tovuti duara bado linazunguka. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita. Pesa imeshatoka na tiketi haipo.

Wahandisi wengi hukutana na usanifu unaoendeshwa na matukio wakiwa wameulizwa wachague kati ya Kafka na RabbitMQ, programu mbili za kupitisha matukio kati ya huduma. Hilo ni swali la mwisho, si la kwanza. Ukipokea malipo ya simu, tayari umo ndani ya usanifu huo, upende usipende, kwa sababu malipo yenyewe hukufikia kama tukio: yanatokea kwa mwingine, kwa wakati wake, na wewe unaarifiwa baadaye. Linalobaki ni kujua utafanya nini taarifa ikija mara mbili, ikichelewa, ikija kinyume cha mpangilio, au isipokuja kabisa.

Tuangalie mlolongo wenyewe. Mfumo wako unapotuma ombi la malipo kwa Daraja, ambayo ni API ya Safaricom, yaani njia ya programu yako kuzungumza na mfumo wao, jibu la papo hapo huwa na ResponseCode "0" na CheckoutRequestID. Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa, basi. Hakuna shilingi iliyohama. Matokeo huja kwa safari nyingine kabisa: seva za upande wa pili huipigia seva yako kupitia anwani ya mrejesho uliyoitoa, zikileta ResultCode. Hapo 0 ni malipo yamefaulu, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Anayechanganya ResponseCode na ResultCode hutoa tiketi kwa watu ambao hawajalipa, na kosa hilo huponyoka majaribio kwa urahisi kwa sababu kila anayejaribu mfumo hulipa kweli.

Kuna jambo jingine dogo lenye uzito. Mrejesho wa malipo yaliyofaulu hubeba Amount, MpesaReceiptNumber, TransactionDate na PhoneNumber, lakini haubebi nambari ya bukingi uliyoiweka wewe. Unaiunganisha kwa CheckoutRequestID, kwa hiyo lazima uwe umeihifadhi kabla mrejesho haujafika. Mrejesho ukiwahi kuliko hifadhidata yako, utakuta nambari usiyoijua na utaitupa. Dawa yake ni rahisi: weka nambari ya bukingi ndani ya anwani ya mrejesho yenyewe, mfano /mrejesho/BK-58213. Na kwa kuwa yeyote atakayeijua anwani hiyo anaweza kutuma mrejesho wa uongo, uchukue mrejesho kama taarifa tu, kisha uthibitishe kwa kuuliza hali ya malipo kabla ya kutoa kitu chenye thamani.

Kwa nini usifanye kila kitu palepale

Mrejesho ukishafika, kazi ni nyingi: bukingi ibadilike kuwa imelipwa, tiketi itengenezwe, SMS itumwe, hesabu ziandikwe, orodha ya abiria ya dereva isasishwe. Njia inayokuja haraka akilini ni kuita huduma hizo tano moja baada ya nyingine, kisha kurudisha jibu.

Fanya hesabu. Kila huduma ikiwa hewani asilimia 99.5 ya muda, na zote tano zikihitajika kwa pamoja, uwezekano wa mrejesho kwenda salama ni 0.995 ikizidishwa yenyewe mara tano (0.995 × 0.995 × 0.995 × 0.995 × 0.995), yaani kama 0.975. Katika malipo 1,000, takriban 25 yanakwama njiani. Na hayakwami mahali pamoja: mengine yametengeneza tiketi bila SMS, mengine yametuma SMS bila hesabu. Mtoa huduma wa SMS akichukua sekunde 20 kujibu, aliyekuletea mrejesho anasubiri sekunde hizo 20, anakata laini, naye anahesabu kwamba hukupokea.

Katika mfumo wa matukio, mpokeaji wa mrejesho hufanya jambo moja: anaandika kwenye hifadhidata kwamba malipo yamepokelewa, kisha anajibu. Wengine wanaopendezwa na habari hiyo wataisoma kwa wakati wao. Huduma ya SMS ikilala saa nzima, SMS zitachelewa saa nzima, lakini tiketi na hesabu haziguswi.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Tukio hutajwa kwa kitenzi cha jambo lililokwisha kuwa: MalipoYamepokelewa, KitiKimeshikwa, MudaWaKushikaUmekwisha. Amri hutajwa kwa kuamuru: TumaSMS, ShikaKiti. Tukio halikataliwi, kwa kuwa limeshatokea. Amri inaweza kukataliwa. Ukiona kwenye mfumo kuna "tukio" liitwalo SMSItumwe, hiyo ni amri iliyovaa nguo za tukio. Aliyeitoa bado anajua nani ataitekeleza na anamtegemea, kwa hiyo hujatenganisha chochote. Acha mpokeaji wa malipo atangaze kwamba malipo yamepokelewa, na huduma ya SMS iamue yenyewe kwamba habari hiyo inastahili ujumbe.

Tukio lenyewe liwe na vitu vichache visivyokosekana:

```
{
  "id": "b7c1f0e2-5a0d-4c39-9e6e-2f1d8a7740c5",
  "aina": "MalipoYamepokelewa",
  "toleo": 1,
  "wakati": "2025-03-14T20:04:12+03:00",
  "ufunguo": "BK-58213",
  "mwili": { "kiasiSenti": 150000, "risiti": "TCE7Q2LM9K" }
}
```

Kiasi kimeandikwa kwa senti, nambari kamili, ili kusiwe na desimali zinazopotea katika kujumlisha. Wakati umebeba +03:00 kwa sababu TransactionDate ya mrejesho huja kama tarakimu tupu, 20250314200412, bila kusema ni saa za wapi. Seva yako ikiwa imewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu, tofauti ya saa tatu itaingia kimyakimya. Saa ya Kiswahili nayo iwekwe mwishoni kabisa, pale tiketi inapochapishwa: ndani ya mfumo basi linaondoka 21:00, kwenye karatasi ya abiria linaondoka saa tatu usiku. Ukihifadhi "saa 3" ndani ya tukio, siku moja msomaji mwingine ataielewa kama saa tisa usiku.

Nambari ya simu haimo, na haimo kwa makusudi. Tukio likishasambaa kwa wasomaji wanane huwezi kulifuta kote, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na ile ya Tanzania ya 2022, zinampa mtu sauti juu ya taarifa zake. Weka nambari ya bukingi, na huduma inayohitaji simu iiombe kwa mwenye nayo.

Foleni na daftari

Vyombo vya kupitisha matukio huitwa broka, na ni vya aina mbili zenye tabia tofauti. RabbitMQ, iliyotoka mwaka 2007 ikiwa imeandikwa kwa lugha ya Erlang, kwa kawaida ni foleni: ujumbe unakaa humo, msomaji anauchukua, akithibitisha kwamba amemaliza unafutwa. Kafka, iliyozaliwa LinkedIn mikononi mwa Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, ni daftari: matukio huandikwa mwishoni, hayaondoki kwa kusomwa, na kila msomaji ana kidole chake kinachoonyesha alipofikia. Usipobadilisha mipangilio, daftari hilo hutunza kurasa kwa siku saba kisha hufuta za nyuma.

Tofauti hiyo ndiyo ya kuamulia. Ukihitaji kugawa kazi kwa vibarua kadhaa na kusahau, foleni inatosha. Ukihitaji msomaji mpya, tuseme mfumo wa takwimu uliojengwa mwezi huu, aanze kusoma matukio ya wiki nzima iliyopita, unahitaji daftari.

Lakini kabla ya yote mawili, pima mzigo. Kampuni yenye mabasi 20 ya viti 50, kila basi likienda safari moja kwa siku, huuza tiketi 1,000. Kila tiketi ikizaa matukio sita, ni 6,000 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni tukio moja katika kila sekunde 14 hivi. Hata Desemba watu wakienda nyumbani na mzigo ukawa mara 20, bado hujafikia matukio mawili kwa sekunde. Kwa mzigo huo, jedwali moja ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL ni broka tosha, na kuendesha Kafka yenye mashine tatu ni kujitwisha kazi ya usiku bila faida. Usanifu ni ule ule. Kinachobadilika ni chombo.

Kuandika mahali pawili

Hapa ndipo mifumo mingi huvunjika, na huvunjika kwa namna isiyoonekana. Msimbo wa kawaida husema: badilisha bukingi kwenye hifadhidata, kisha tuma tukio kwa broka. Ni hatua mbili, na kati yake umeme unaweza kukatika, programu inaweza kuzimwa kwa ajili ya toleo jipya, mtandao unaweza kupotea. Hifadhidata inasema imelipwa, tukio halikutoka, tiketi haitatengenezwa kamwe. Ukigeuza mpangilio, tukio likatangulia na hifadhidata ikashindwa, SMS ya tiketi inatumwa kwa bukingi ambayo haijalipwa. Kubadilisha mpangilio kunahamisha tatizo tu.

Suluhisho ni kuandika mahali pamoja. Tukio liingie kwenye jedwali ndani ya hifadhidata ile ile, ndani ya muamala ule ule wa hifadhidata, na mchukuzi alitoe hapo baadaye. Jedwali hilo tuliite sanduku:

```
BEGIN;
UPDATE bukingi SET hali = 'imelipwa'
  WHERE id = 'BK-58213' AND hali = 'inasubiri';
INSERT INTO sanduku (tukio_id, aina, ufunguo, mwili)
  VALUES (...);
COMMIT;
```

Ama yote mawili yameandikwa, ama hakuna. Kama UPDATE haikugusa mstari wowote, simama, usiandike tukio. Mrejesho huo ni wa pili au bukingi imeshabadilika hali. Na UPDATE itangulie INSERT: kufuli ya mstari wa bukingi humfanya mwingine anayegusa bukingi hiyo hiyo asubiri, hivyo matukio ya bukingi moja huingia sandukuni kwa mpangilio wake.

Mchukuzi ni programu ndogo inayozunguka kila sekunde:

```
SELECT * FROM sanduku
  WHERE imetumwa IS NULL
  ORDER BY id LIMIT 100
  FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Anatuma kila tukio, anajaza imetumwa, anakamilisha muamala. SKIP LOCKED, iliyopo tangu PostgreSQL 9.5, huwawezesha wachukuzi wawili kufanya kazi bila kugongana, lakini wakiwa wawili mpangilio unaweza kuvurugika. Mpangilio ukiwa muhimu, endesha mmoja, na wa pili awe wa akiba.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata wazoefu. Mtu huona safu ya imetumwa ni ya ziada, akaamua mchukuzi akumbuke tu id ya mwisho: "nipe zote zenye id kubwa kuliko 100." Sasa muamala wa kwanza unapewa id 101 na kuendelea na kazi nyingine. Wa pili unapewa 102 na kumaliza mapema. Mchukuzi anapita, anaiona 102, anaandika kwamba amefika 102. Sekunde moja baadaye muamala wa kwanza unakamilika na 101 inaonekana, lakini mchukuzi hatarudi nyuma kuitafuta. Tukio limepotea, hakuna kosa lililoandikwa popote, na kwenye majaribio ya mtu mmoja halitokei hata ukijaribu siku nzima. Nambari za mfuatano hutolewa muamala unapoomba, si unapokamilika. Tumia alama kwenye kila mstari.

Njia nyingine ni kusoma kumbukumbu ya ndani ya hifadhidata moja kwa moja, kazi inayofanywa na programu iitwayo Debezium. Ni njia nzuri yenye sharti moja: PostgreSQL hutunza kumbukumbu hiyo mpaka msomaji aifikie, kwa hiyo Debezium ikizima Ijumaa jioni na isigunduliwe, Jumatatu diski inaweza kuwa imejaa na mauzo yote yamesimama. Tangu toleo la 13 la PostgreSQL kuna mpangilio wa max_slot_wal_keep_size wa kuweka kikomo. Uweke siku ya kwanza, ukijua kwamba kikomo kikipitwa, mauzo yanaokoka ila msomaji atalazimika kuanza upya.

Mara mbili

Mchukuzi akituma tukio kisha akafa kabla ya kujaza imetumwa, akifufuka atalituma tena. Hilo si dosari ya kurekebisha. Ukiwa na mtandao kati yenu, huwezi kujua kama ujumbe haukufika au ni jibu lake ndilo lililopotea; unachagua kati ya kutuma tena, ukihatarisha marudio, na kunyamaza, ukihatarisha upotevu. Katika mambo ya pesa tunachagua marudio, na msomaji ndiye anayewajibika kuyavumilia.

Msomaji awe na jedwali la matukio aliyokwisha kuyashughulikia, lenye id ya tukio kama ufunguo wa pekee. Tukio linapokuja, aingize id hiyo kwa ON CONFLICT DO NOTHING. Mstari ukiingia, afanye kazi. Usipoingia, athibitishe kwa broka na aendelee. Uingizaji huo na kazi yenyewe viwe ndani ya muamala mmoja. Anayeangalia kwanza kwa SELECT kisha akaingiza baadaye ameacha mwanya wa wasomaji wawili kupita pamoja. Kwa malipo, weka kinga ya pili: safu ya risiti iwe ya pekee, ili MpesaReceiptNumber moja isihesabiwe mara mbili hata ikija kwa njia mbili tofauti.

SMS haiingii ndani ya muamala wa hifadhidata, ikishatoka imetoka. Hapo kila jambo liamuliwe kwa uzito wake. SMS ya tiketi ikienda mara mbili hakuna aliyeumia, kwa hiyo tuma kwanza, weka alama baadaye. Kumrudishia mtu shilingi 1,500 mara mbili ni hasara, kwa hiyo andika kwanza hali ya "urejeshaji umeanza" pamoja na nambari ya kumbukumbu isiyobadilika, ndipo uite. Programu ikifa katikati, ikirudi iulize kwanza urejeshaji wa nambari hiyo ulifikia wapi, isiite tena kwa kukisia.

Malipo yaliyofika kiti kikiwa kimekwenda

Turudi kwa abiria wetu. Saa 2:00 usiku kiti 14 kimeshikwa kwa dakika kumi. Saa 2:04 analipa. Mrejesho unagonga seva yako sekunde ileile inapowashwa upya kwa toleo jipya, na hakuna wa kuupokea. Saa 2:10 muda wa kushika unakwisha, kiti kinaachiliwa. Saa 2:11 abiria mwingine anakichukua na kulipa. Saa 2:12 kazi ya ulinganisho, yaani programu inayouliza hali ya malipo na kuilinganisha na bukingi zako, inagundua kwamba wa kwanza alilipa. Watu wawili, kiti kimoja, na hakuna aliyekosea kati yao.

Kosa la kwanza liko saa 2:10. Mfumo haukujua kama pesa imelipwa, ukachukulia kwamba haijalipwa. "Sijui" si "hapana". Kabla ya kukiachilia kiti, uliza hali ya malipo. Ukiambiwa 1032, kiachilie mara moja, usingoje hata dakika kumi. Ukiambiwa 0, toa tiketi. Usipojibiwa, ongeza dakika tano na uulize tena. Kiti kitakachokaa bure dakika tano ni gharama ndogo kuliko ugomvi mlangoni pa basi. Kuuliza kwenyewe kuanze mapema: sekunde 90 baada ya ombi, kisha dakika ya tatu, ya sita, na mwisho kabla ya kuachilia. Kazi ya ulinganisho si ya kuongezwa baadaye mambo yakiharibika. Ni nusu ya pili ya mrejesho.

Hata hivyo siku moja itatokea, kwa hiyo jedwali la hali za bukingi lazima liwe na mstari wa "imelipwa, kiti kimekwenda". Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliandika juu ya miamala mirefu inayogawanywa kuwa hatua fupi, kila hatua ikiwa na hatua ya kuifidia, wakaiita saga. Fidia si kufuta. Abiria ameshaona pesa ikitoka, pengine amesharuhusu teksi impeleke stendi. Fidia nzuri hapa inaanza kwa kiti kingine ndani ya basi lilelile, kisha basi linalofuata kwa ridhaa yake, na urejeshaji wa pesa mwishoni. Mpangilio huo ni uamuzi wa biashara. Mhandisi asiuamue peke yake usiku wa manane.

Pia angalia jambo ambalo halikukabidhiwa kwa matukio: nani anapata kiti 14. Hilo linalindwa na ufunguo wa pekee wa (safari, kiti) ndani ya hifadhidata moja, linaamuliwa palepale, na anayekosa anaambiwa palepale. Wapo wanaojaribu kugawa viti kwa matukio yanayosafiri kati ya huduma tatu, kisha wanashangaa viti kuuzwa mara mbili. Uamuzi unaohitaji jibu moja la hakika ubaki mahali pamoja. Matukio yabebe habari ya uamuzi ulioshafanywa.

Mpangilio, na msomaji anayekwama

Kafka hugawa daftari katika vipande viitwavyo patisheni, na mpangilio umehakikishwa ndani ya kila kipande tu. Ufunguo wa tukio ndio unaoamua kipande, hivyo matukio yote ya BK-58213 yakiwa na ufunguo mmoja yatafuatana. Ukiwa na patisheni 12, wasomaji 12 wa kundi moja wanaweza kufanya kazi sambamba. Wa 13 atakaa bila kazi. Usiongeze patisheni ovyo mfumo ukiwa hewani, kwa sababu ufunguo uleule utaanza kuangukia kipande kingine, na MalipoYamepokelewa inaweza kusomwa kabla ya KitiKimeshikwa.

Sasa tazama namna msomaji anavyoweza kuzunguka bila mwisho. Kwa mipangilio ya kawaida, msomaji wa Kafka huchukua hadi matukio 500 kwa mkupuo mmoja, na hupewa dakika tano kabla ya kurudi kuchukua mengine. Kila SMS ikichukua sekunde moja, 500 ni zaidi ya dakika nane. Dakika ya tano ikipita, kundi linamhesabu kuwa amekufa na vipande vyake vinapewa mwingine. Huyo anaanza pale alama ya mwisho ilipowekwa, yaani mwanzo wa 500 zilezile. Naye anafukuzwa dakika ya tano. Abiria wa mkupuo huo wanapata SMS ileile mara nne, tano, na walio nyuma ya mkupuo hawapati kitu. Punguza max.poll.records, yaani idadi ya matukio kwa mkupuo, hadi 50, tatizo linakwisha.

Aina nyingine ya kukwama ni tukio moja bovu, labda lenye kiasi kilichoandikwa kama maneno, ambalo msomaji hashindwi kulisoma mara moja tu bali kila akijaribu. Tenganisha makosa. Mtandao ukikatika, jaribu tena kwa nafasi zinazopanuka: sekunde 1, 5, 30, kisha dakika 2 na 10, ukiongeza nasibu kidogo ili wasomaji wote wasigonge kwa pamoja huduma inayojaribu kuamka. Tukio likiwa lenyewe ni bovu, kurudia hakulitengenezi. Lihamishie kwenye foleni ya yaliyoshindikana pamoja na sababu. Foleni hiyo iwe na kengele na iwe na mtu mwenye jina. Isiyo na mwenyewe hujaa malipo ya watu.

Katika kupima, wengi huangalia idadi ya matukio yanayosubiri. Afadhali umri wa lile la zamani zaidi. Matukio 3,000 yanayosubiri sekunde nne si tatizo. Tukio moja lililosubiri dakika 40 ni abiria amesimama stendi. Beba pia nambari ya bukingi kwenye kila mstari wa kumbukumbu za huduma zote, ili anayepokea simu ya mteja aone safari nzima kwa utafutaji mmoja.

Kubadilisha umbo la tukio kuna kanuni fupi: ongeza sehemu mpya, usifute wala kubadilisha maana ya iliyopo. Maana ikibadilika, lipe tukio jina jipya. Na kabla ya kusoma upya daftari la siku zilizopita, zima kwanza wasomaji wanaogusa dunia ya nje. Msomaji wa hesabu anaweza kurudia wiki nzima bila madhara; wa SMS atawaamsha watu kuhusu mabasi yaliyokwisha kuondoka.

Kabla ya kufungua mauzo, fanya majaribio manne kwa mkono. Tuma mrejesho uleule mara mbili kwa wakati mmoja, uhesabu tiketi. Ua mchukuzi kati ya kutuma na kuweka alama, umwashe, uhesabu tena. Zuia mrejesho kabisa, ulipe, uone kama ulinganisho unakutolea tiketi na ni baada ya dakika ngapi. Kisha lipa, chelewesha majibu yote hadi kiti kiuzwe kwa mwingine, na usome SMS ambayo abiria wa kwanza anaipata.